Inaunguruma Ikifika Saba

Hadi sita haina neno.
Nazareno anapiga nyuzi, sauti inatoka nene,
ina joto, kama mkate unaovunjwa kwa mikono.
Saba, inaanza: put, put, put,
pikipiki ya muuza gesi imekwama mlangoni.
Nane, juu ya put put unazuka mluzi
unaomfukuza paka hadi uani,
kwenye baridi ya Julai, baridi ya Rosario
inayopanda kutoka mtoni na kulala kwenye vigae.

"Shangazi, Jumamosi tunapiga kilabu cha watu wa reli."
Najua. Leo Alhamisi.

Niliiunda juu ya sinia la kuokea keki:
transfoma mbili za redio ya marehemu baba,
vali nne za kioo, mbili kutoka kwa mjane wa mtaa wa pili
aliyekataa pesa, akataka nimshonee pindo la pazia.
Miaka thelathini na moja nimepiga picha za mifupa hospitalini.
Najua kwamba kinachouma
mara nyingi hakiko pale panapouma.

Kwanza sheria. Volti mia tatu na themanini
hazina utani na mtu. Mkono mmoja kazini,
mwingine mfukoni mwa aproni,
umeme usipate njia ya kupitia moyoni.
Na ukizima, usidhani umezima:
kapasita hukaa na kinyongo chake gizani.
Naikamua kwa rezista, natazama mita ikishuka,
thelathini, kumi na mbili, mbili,
ndipo naingiza vidole.

Naiwasha tena, naichokoa kwa sindano ya mti,
ile ya kufumia sweta.
Nagonga vali ya kwanza: kimya.
Ya pili: mlio mdogo wa kioo, si kitu.
Nasukuma waya wa njano, ule wa kuingilia,
mluzi unapanda. Nauvuta kando, unashuka.
Kumbe. Nililaza nyaya mbili sambamba
kwa kupenda unadhifu,
na wa kutokea ukawa unaunong'oneza wa kuingilia,
nao unayarudia kwa sauti kubwa zaidi,
umbea unaozunguka mpaka unakuwa mayowe.
Nimezitenganisha. Sasa ndani ni ovyo
kama kitanda kisichotandikwa,
na mluzi umekufa.

Put put haikufa.

Nilibadili vali. Nilibadili rezista.
Nilikaza kila skrubu ya ardhi.
Maji ya mate nilipasha mara tatu, yakapoa mara tatu.
Kila kitu nilikishuku
isipokuwa silinda moja ya kahawia, nene kama kidole gumba,
ambayo baba aliing'oa, akaipima,
akaandika ubavuni kwa penseli: nzima, 1974.
Herufi zake zimeinama kulia,
kama mtu anayewahi treni.

Kikulacho ki soketini, nilijiambia, nikazigeuza soketi zote.
Ile silinda niliipita kama mtu anavyopita
mlango wa chumba cha aliyelala.

Saa sita kasoro za usiku Nazareno alichukua kapasita mpya,
hakusema kitu, akaniwekea kiganjani.
Nikazima. Nikakamua. Nikaishikiza ubavuni mwa ile ya zamani,
mguu kwa mguu,
nikawasha, nikapandisha hadi saba.
Pikipiki ikaondoka.
Hivyo tu. Haikuaga.

Imekauka ndani, basi. Nusu karne.
Siku ile aliyoandika, alisema kweli.
Niliing'oa kwa ncha ya moto,
nikaiweka kwenye kopo la vifungo,
maandishi juu.

Nane. Tisa.
Nazareno akapiga nyuzi zote sita kwa pamoja,
vikombe vikatetemeka kabatini, lakini vikombe ni vikombe.
Paka akarudi, akakaa karibu na joto la vali.
Kisha: put, put, put.
Niliruka kwenye swichi, moyo mdomoni.

Alikuwa Bi Fermina wa nyumba ya pili,
ukutani,
na kiatu.